Mguu Mfupi

Mama Nekesa alikuja kuniona hapa Maringo mwezi uliopita, katika chumba hiki hiki ambamo zamani alikuwa akija kuazima karai na kukaa hadi chai ipoe. Hatukuwa tumesalimiana kwa zaidi ya miaka thelathini. Majuma sita kabla ya siku hiyo alikuwa amemzika mumewe, Fundi Wafula, nami sikwenda kwenye mazishi, ingawa habari zilinifikia mapema na nauli nilikuwa nayo. Sikwenda kwa sababu kwa miaka yote hiyo nilimhesabu Fundi Wafula kuwa mtu aliyetuaibisha sote kwa kujifanya anajua jambo asilolijua. Nilimkaribisha mjane wake kwa kuwa ni mjane. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akakataa sukari, akatoa kikapuni vitu viwili na kuviweka mezani: kijiti cha mbao nyekundu kilichopita kidogo urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, chenye mikato miwili ubavuni, na bahasha iliyolegea kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Alisema mumewe aliagiza vinifikie mimi, si mtu mwingine. Kijiti nilikitambua kabla hajamaliza kusema. Nilipitisha kidole gumba kwenye mkato wa chini, kisha kwenye ule wa juu, na mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe kama uliogusa sufuria ya moto, maana mikato ile niliikata mimi. Bahasha sikuigusa. Sikusoma shule hata siku moja, na bahasha kwangu ni kitu cha kungojea mtu mwingine. Mjukuu wangu Mwikali, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, alikuwa hajarudi kutoka chuoni, kwa hiyo tulikunywa chai na bahasha ikiwa katikati yetu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule uliofuata uchaguzi wa vyama vingi. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya Soko la Burma, banda la mabati lisilo na mlango, na moshi wa nyama choma uliingia humo asubuhi kabla yetu na kutoka jioni baada yetu, hata nguo zangu za kanisani zikanuka mbuzi. Watu huwa hawaniamini ninapowaambia kwamba tulikuwa tukiunda mashua. Mtaani kwetu mifereji ilikauka siku tatu kwa juma, na maji ya kunywa tuliyanunua kwa mtungi, lakini pale karakanani palikuwa na mashua iliyolazwa kifudifudi juu ya vigogo, ndefu kuliko chumba changu mara mbili, ikingoja lori la kuipeleka ziwani. Fundi Wafula ndiye aliyeanzisha kazi hiyo. Alikuwa seremala wa reli kwa miaka mingi, akirekebisha viti na kuta za mabehewa, na alipostaafu aliwakusanya watu watano wakawa kikundi, yeye akiwa wa sita na mwenyekiti wao. Plaiwudi nzuri na gundi isiyoogopa maji vilipatikana Nairobi kwa urahisi kuliko huko ziwani, na mikono ya reli ilijulikana kwa kutoacha ufa. Wateja wakaja. Mimi niliingia nikiwa mtu wa saba, mwanamke peke yangu, baada ya Fundi kuona kinyago nilichokuwa nikikisugua kwenye ngazi ya nyumba. Alikipapasa akiwa amefumba macho, akasema mkono huo uje kesho.

Chakula cha mchana kilipikwa palepale, kwenye jiko la takataka za mbao. Mimi nilipika, si kwa kuagizwa, bali kwa sababu nilishindwa kula kilichopikwa na wanaume wale. Siku za muthokoi Fundi alinitania kwamba Wakamba tunaondoa maganda ya mahindi kwa kuogopa meno yetu. Siku za ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, nilimjibu kwamba yeye angekula hata sahani kama ingekuwa na macho. Tulinawa kwa zamu kwenye beseni moja, Fundi wa mwisho kila mara. Alikuwa na desturi ya kuketi na koti lake la reli hata jua likiwaka, na ndani ya koti hilo mlikuwa na kila kitu: penseli, futi ya chuma, barua za wateja, miwani katika kibweta chake. Kijana fundi wa injini, ambaye jina lake halisi sikulijua kwa muda mrefu kwa kuwa wote walimwita Spana, hakuketi nasi. Alikula akiwa amesimama, akisoma gazeti alilofungiwa mandazi, akitusomea kwa sauti habari za watu waliogongwa na waliofumaniwa. Sote tulimsikiliza. Nakumbuka nikiwaza kwamba kusoma ni kama kuwa na dirisha nyumbani, na kwamba mimi nilikuwa nimejengewa bila dirisha.

Sasa nieleze kuhusu kimo cha injini, kwa kuwa bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Injini ya mashua hutundikwa kwenye ukuta wa nyuma, kama mtu anavyotundika mkono juu ya ua. Kichwa chake hubaki juu, na kutoka kichwani huteremka kitu tulichokiita mguu, ambacho mwisho wake una propela inayosukuma maji. Juu tu ya propela kuna bapa la chuma lililolala, nasi tuliliita sahani. Kazi yote iko kwenye sahani hiyo. Inatakiwa ilingane na tumbo la mashua, au ishuke chini yake kwa upana wa kidole kimoja, basi. Ikiwa juu mno, propela hutafuna hewa badala ya maji, injini ikapiga kelele na mashua ikabaki palepale. Ikiwa chini mno, mguu huburura maji kama mtu anayetembea mtoni na suruali, na kila jiwe lililo chini ni adui yake. Injini hutengenezwa za aina mbili, za mguu mfupi na za mguu mrefu, na seremala asiyeambiwa ni ipi hawezi kujua ukuta wa nyuma aukate kwa kimo gani. Fundi Wafula alinifundisha haya kwa mikono, kwa sababu nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba namba za futi sizijui. Hakunicheka. Alichukua kijiti, akaniambia nipime kwa shubiri zangu mwenyewe. Mguu mfupi ulikuwa shubiri mbili kasoro kidole. Mguu mrefu ulikuwa shubiri mbili na nusu. Akanipa patasi nikate mikato hiyo mwenyewe, na tangu siku hiyo kijiti kilining'inia msumarini, na yeye pia, jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule, alikitumia kuliko futi yake.

Barua ilifika katikati ya mwaka. Misheni moja ya visiwani, huko ziwani, ilitaka mashua ya kuwavusha wagonjwa hadi hospitali ya bara, na injini yake tuichukue sisi katika ghala moja la Industrial Area, ambako ilikuwa imekwisha kulipiwa, tukichagua ile yenye mguu waliouandika baruani. Ilikuwa barua iliyopigwa taipu, yenye muhuri. Aliyeileta alimkabidhi Fundi mkononi mbele yetu. Fundi aliifungua, akavaa miwani, akaitazama kwa muda wa kutosha, akasema ni jambo kubwa lisilosomwa kwa haraka, akaitia kotini. Asubuhi iliyofuata alituambia yaliyomo, neno baada ya neno, kama mtu aliyekesha nayo. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema mguu ni mfupi. Nikakiondoa kijiti msumarini, tukaukata ukuta wa nyuma kwa mkato wa chini, na Fundi akaupapasa ukingo wake mara tatu.

Mashua ilipokamilika, palikuwa hapana maji ya kuijaribia isipokuwa timbo la mawe lililoachwa wazi upande wa Njiru, lile ambalo akina mama walikuwa wakiwakataza watoto wao hata kulitaja. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimelijaza maji ya rangi ya chai ya maziwa. Siku moja kabla ya jaribio Fundi alikwenda huko peke yake, akavua viatu, akaingia maji ya kifuani, yeye asiyejua kuogelea, akaipima kwa mti mrefu ngazi ya mawe ambayo wachimbaji waliibakiza chini ya maji. Alirudi akiwa ametulia. Alituambia kwamba mguu mfupi utapita juu ya ngazi hiyo na kiganja kizima kikabaki.

Siku yenyewe tuliitangulia injini. Mashua ilikwisha kusukumwa majini Spana alipowasili na lori kutoka ghalani, na Fundi alikuwa upande wa pili wa maji akifunga kamba. Injini ililala juu ya magunia, ikiwa na mafuta yake ya kiwandani. Kwa mazoea tu niliweka kidole gumba mahali inapotundikwa, nikashuka kwa shubiri hadi kwenye sahani. Mbili. Na nusu. Nilirudia kupima. Nikamwambia Spana kwamba injini hii naiona ndefu.

Aliikamata kichwani kuishusha, wala hakunitazama. "Mathe, hii ni mambo ya watu wamesoma," alisema. "Wewe piga tu msasa."

Wanaume waliokuwa wakimsaidia walicheka, si kwa ubaya. Nami nilinyamaza. Nilijiambia kwamba barua ilisomwa, kwamba Fundi anajua, kwamba shubiri zangu huenda zimevimba kwa baridi. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu husimama ghafla katikati ya chumba.

Spana aliitundika injini majini, mguu wake ukazama katika maji yale ya rangi ya chai ambamo hakuna aliyeweza kuuona. Akaufunga usiweze kuinuka. Fundi aliingia akaketi mbele, na koti lake. Walizunguka mara moja polepole, mashua ikienda kwa uzito, nyuma ikiburura. Nilimwona Fundi akigeuka kutazama nyuma kama mtu aliyesikia jina lake. Ndipo Spana alipoongeza moto, wakaja moja kwa moja kuelekea juu ya ile ngazi ya mawe. Sauti iliyotoka haikuwa ya mbao wala ya chuma. Ilikuwa kama mlango wa gari kubwa ukifungwa chini ya ardhi. Mashua ilisimama papo hapo, nyuma ikanyanyuka, na ukuta niliousugua mimi kwa siku nne ukang'oka na injini yake, ukaanguka majini. Maji yaliingia kama yaliyokuwa yakingoja. Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani tulikuwa bado tunatazama mahali mashua ilipokuwa. Spana aliogelea. Fundi alizama pamoja na koti lake, akaibuka, akazama tena, hadi tulipomfikia kwa kamba ile ile aliyoifunga mwenyewe, tukamvuta hadi kwenye mawe, akatapika maji huku akishika kifua. Nilifikiri anashika moyo. Alikuwa ameishika barua.

Barua haikuwa imeharibika sana, kwa kuwa aliiweka ndani ya kibweta cha miwani. Kesho yake tulikutana bandani, kikundi kizima, katikati yetu pakiwa na mashua iliyovuliwa, nyuma yake wazi. Mtu mmoja aliuliza kosa ni la nani, maana ukuta ulikatwa mfupi na injini ilikuwa ndefu. Fundi alisema barua ilitaka mfupi. Spana akanyoosha mkono, akaomba barua. Aliikunjua, akaisoma kwa sauti ile ile aliyotusomea habari za gazeti, bila kusita: injini iwe ya mguu mrefu. Kisha akamrudishia Fundi, akasema kwa upole ambao leo unanitia baridi, "Soma mwenyewe, Mzee."

Fundi alivaa miwani. Sote tulingoja. Mimi nilikuwa nimeketi chini, karibu na magoti yake, nikiyatazama macho yake kutoka chini, na nikaona jambo ambalo wengine waliosimama hawakuliona. Macho ya mtu anayesoma hutembea. Nimewatazama wasomaji maisha yangu yote, najua. Macho ya Fundi Wafula hayakutembea. Yalitua mahali pamoja juu ya karatasi ile yakabaki hapo, kama ninavyotazama mimi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka timboni. Miaka yote ya reli, miwani, penseli sikioni, barua kotini! Mtu yule alikuwa kama mimi.

Alikunja karatasi. "Nimeona," alisema. "Kosa ni langu."

Angekataa, mtu mwingine angeiomba barua aisome, kwa kuwa pale bandani walikuwapo wengine wawili wenye kusoma. Lakini aliyeshtakiwa amekwisha kukiri, basi nani atake tena barua? Aliitia kotini, akatwaa kijiti msumarini, akatoka. Hakuna aliyemzuia kuchukua kijiti. Na mimi niliyeyaona macho yake sikusema kitu. Kwanza nilinyamaza kwa huruma, maana kumtaja yeye kulikuwa ni kujitaja. Lakini huruma hiyo haikudumu hata juma moja. Ilipoisha nilibaki na hasira: kwamba alijua hajui, akatuambia mfupi kwa kubahatisha, na mtu angeweza kufa. Mama Nekesa alipokuja kuazima karai nilimwambia mlangoni kwamba karai liko kazini. Hakurudi tena.

Kikundi kilimfanya Spana mwenyekiti. Tulijenga ukuta mpya, mrefu, kwa ajili ya injini ile ile iliyovuliwa majini na kukaushwa, na Spana akaongeza ubao juu yake, akidai kwamba mawimbi ya ziwani ni makubwa. Tuliporudi timboni injini ilipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia, kilio chembamba kinachopanda bila kushuka, propela ikitafuna hewa, maji yakichemka nyuma kama sufuria, na mashua haikusogea hata urefu wa mtu. Wanaume walibishana kuhusu mafuta na plagi. Mimi nilipandisha sketi yangu, nikaingia majini, nikapitisha kiganja chini ya tumbo la mashua hadi nyuma, nikaitafuta sahani. Ilikuwa juu kwa vidole vitatu. Nikawaambia waondoe ubao na kupunguza ukuta kwa upana wa vidole vinne, sahani ibaki kidole kimoja chini ya tumbo. Walinitii kwa kukosa jambo lingine la kufanya. Mashua iliondoka pale kama kitu kilichofunguliwa. Siku hiyo walinipa jina la Mama Kipimo, na jina hilo limenilisha. Tangu siku hiyo hakuna ukuta wa nyuma uliokatwa karakanani bila mkono wangu, miaka kumi na minne, chini ya Spana, na kwa kazi hiyo nimewasomesha mama yako, Mwikali, na wajomba zako. Mashua ya misheni ilipakiwa kwenye lori, ikaenda. Mwaka huo huo zilikuja barua mbili kutoka kisiwani, moja baada ya nyingine. Spana alizisoma peke yake nyuma ya banda. Alituambia wanatushukuru.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani mwezi uliopita, nikiwa nimeketi mkabala na Mama Nekesa, Mwikali alipoingia na mkoba wake na kutuamkia. Nilimwambia afungue bahasha. Aliisoma karatasi iliyomo kwa sauti, salamu kwanza, kisha habari za wagonjwa, kisha akafika hapa, nami ninayaweka maneno kama yalivyo: "Tafadhali injini iwe ya mguu mfupi, kama ile ya zamani tuliyo nayo, ili moja ikikwama majini pamoja na wagonjwa, nyingine iweze kufungwa mahali pake."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilimwambia asome polepole, asinikisie neno. Aliniita bibi kwa Kikamba, akasema, "Susu, ni mfupi. Imeandikwa mfupi." Kikombe nilichokishika kilikuwa tupu, lakini nilikiinua nikanywa.

Mama Nekesa alikuwa akitazama mikono yake. Alisema yeye ndiye aliyemsomea mumewe, usiku ule barua ilipofika, kama alivyomsomea barua zote tangu walipooana, hata za reli, naye akizikariri hadi kulipopambazuka. Jioni ya siku ile ya bandani alirudi akampa barua tena. "Aliniambia, soma pale kwenye mguu. Nikasoma mfupi. Akaniambia, basi." Alimsihi arudi akaseme. Yeye akamjibu kwamba akirudi wataulizana ni nani aliyemsomea, na kwamba afadhali ajulikane kuwa fundi aliyekata vibaya. Waliondoka Makongeni, mtaa wa reli ulio jirani na hapa, walikokuwa wakiishi. Alimaliza maisha yake ghorofa ya sita huko Pipeline, nyumbani kwa binti yao, akirekebisha vigoda kwenye ngazi ya jengo. Nilimwuliza kwa nini aagize vije kwangu. Mama Nekesa alisema mumewe alijua kwamba siku ile niliyaona macho yake, na alinishukuru hadi kufa kwa kutomtaja.

Alinishukuru! Mimi niliyesema karai liko kazini. Nimeambiwa mambo mengi maishani, lakini hilo sikuwa na mahali pa kuliweka. Halafu, kabla sijapata pumzi, nikaifikiria ile injini ya zamani ya kisiwani. Mguu wake ni mfupi. Ukuta wetu ulikuwa mrefu, niliupima mimi, kwa kidole, nikajisifu. Siku ambayo injini kubwa ilikwama ziwani na mgonjwa ndani, wakaifunga ile ya zamani mahali pake, sahani yake ilikaa juu ya tumbo la mashua kwa kiganja na vidole viwili. Najua sauti waliyoisikia. Niliisikia timboni. Niliweka injini kwenye kimo chake barabara, na injini yenyewe haikuwa ile. Sijui kama siku hiyo ilifika. Barua zile mbili zingeniambia, na sisi tuliambiwa ni za shukrani.

Kabla Mama Nekesa hajaondoka nilimwambia Mwikali aniwekee kidole changu juu ya neno lenyewe. Nilimwambia aliandike tena kando, na chini yake aliandike lile jingine, mrefu, kwa namna ya taipu. Niliyatazama maneno hayo mawili kama ninavyotazama mbao mbili kabla ya kuzitofautisha. Katika mfupi, herufi ya pili ndiyo iliyosimama, na ya nne ina mguu ulioteremka chini ya mstari, kama mguu wa injini chini ya mashua. Katika mrefu hakuna kinachoteremka. Neno mfupi lina mguu; neno mrefu halina. Nilikaa nalo siku tatu. Ni neno la kwanza nililolijua kwa macho yangu.

Siku ya nne nilikwenda Eastleigh, ambako Spana ana duka la pampu za maji katika ghorofa ya pili ya jengo kubwa la vioo. Mwikali nilimwacha ngazini. Spana amenenepa, ana mvi, ana vijana wa kumwamkia. Aliniinukia, akaniita Mama Kipimo mbele yao, akawaambia huyu mathe ndiye aliyetufundisha kupima kwa vidole, akaagiza chai yenye tangawizi. Sikuichukia sauti yake. Nimeisikia kwa miaka mingi mno kuweza kuichukia kwa siku moja. Nilimwambia kuna karatasi imeniangukia, nami sina wa kunisomea. Nikaiweka mbele yake.

Aliitambua. Niliona shingo yake ikiitambua kabla ya uso. Alitafuta miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Alinitazama, akamtazama kijana aliyekuwa akipanga mabomba, akanitazama mimi. Kisha akasoma: salamu, sawasawa, wagonjwa, sawasawa. Macho yake yalitembea mstari baada ya mstari, yakafika, yakasimama. Nilingoja. Nilikuwa nimemwomba Mungu njia nzima kwamba mtu huyu, aliyekwisha kupata kila kitu, asome tu kilichoandikwa.

"Injini iwe ya mguu mrefu," alisema.

Niliweka kidole changu juu ya karatasi, juu ya ile herufi ya nne, penye ule mguu ulioteremka chini ya mstari. Nilimwambia neno mrefu halina mguu. Chai ililetwa, ikawekwa kati yetu, na hakuna aliyeigusa. Alivua miwani. Nikairudisha karatasi mbele yake, nikaketi vizuri, nikamngoja asome upya.